Jiwe la Kuvunjia Simu

Karibu na mlingoti wa bendera, shuleni kwetu Muleba, kuna jiwe la kuvunjia simu. Mwanafunzi akikamatwa na simu, mzazi wake anaitwa, anakabidhiwa nyundo, na anaivunja kwa mkono wake mwenyewe huku shule nzima imesimama mistarini. Utaratibu huo aliuleta mkuu wetu wa shule. Anasema mzazi akivunja mwenyewe, hatarudi kesho kulalamika. Mimi nafundisha fizikia hapo, na kila nikilipita lile jiwe damu inanichemka.

Nisieleweke vibaya. Simu za wanafunzi zinaniudhi mno. Mwaka jana niliteleza kwenye tope nikaenda chini na madaftari yangu, na kabla sijapangusa sketi dada yangu wa Kemondo alikuwa ameshanipigia kunipa pole huku anacheka. Video ilikuwa imemfikia. Wapo wanaobeti chini ya dawati wakati mimi nakazana na mkondo wa umeme ubaoni. Wapo wanaonakili majibu mtandaoni bila kuyasoma, hadi wananiandikia "tazama mchoro hapo chini" na mchoro wenyewe haupo. Hao ningewavunjia simu mwenyewe, tena bila kuombwa.

Lakini basi tuwape mahali pa kujifunzia! Chumba cha kompyuta tunacho. Siku zilipoletwa tulitandika nyasi mbichi sakafuni, kama tunavyotandika nyumbani akija mgeni wa heshima, tukagawana kahawa ya kutafuna, wajumbe wa bodi wakashukuru. Tangu hapo kompyuta zimebaki kuwa wageni. Zimefunikwa vitambaa vya kufuma, ufunguo uko mfukoni mwa mkuu, na mlango unafunguliwa wakija wakaguzi tu. Nimelisema hili vikaoni mpaka wenzangu wananiona kero. Jibu ni lile lile: watoto wataziharibu.

Sasa kulikuwa na binti wa kidato cha nne, mtoto wa wakulima wa Kimwani. Anataka kuwa muuguzi, na bila kemia hapati chuo. Mwalimu wa kemia alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine. Binti alikwenda kwa mkuu kuomba kutumia kompyuta, akaambiwa asubiri. Alisubiri muhula mzima. Likizo ilipokwisha akarudi bwenini na simu ndani ya mfuko wa maharage, akawa anajifunza kwa video nyuma ya maktaba. Matroni alimkuta huko akiandika milinganyo ya kemia kutoka kwenye kioo, akamkamata kama kamkamata mwizi.

Mama yake akaitwa. Alikuja na gauni la kanisani, kitenge mabegani, na mkungu wa ndizi kwa ajili ya walimu, maana huku hatuendi kwa watu mikono mitupu. Mkuu akaupokea mkungu, akampa nyundo.

"Waitu mwalimu mkuu, hii simu ni yangu," mama akasema polepole, kwa heshima ya Kihaya. "Mimi ndiye niliyempa. Aliniambia hana mwalimu."

"Mama, kanuni haziulizi simu ni ya nani."

"Basi mtoto mpeni adhabu, mimi nirudi nayo nyumbani. Sina nyingine."

"Mama, wanafunzi wanasubiri."

Nilitoka kwenye mstari wa walimu nikasema kwa sauti kwamba huyu alikuwa anasoma. Mkuu akaniambia, mbele ya wanafunzi wangu, "Madam, rudi mahali pako." Nilirudi.

Mama akapiga. Pigo lilikuwa hafifu, akaambiwa arudie. Mkuu alikuwa ametoa simu yake anapiga picha, na kabla hatujatawanyika picha ilikuwa kwenye kundi la wazazi mtandaoni, chini yake ameandika: Nidhamu kwanza. Binti akasimamishwa masomo mpaka atakapoitwa. Akaondoka na mama yake, sanduku kichwani.

Haukupita muda tukapata mwalimu wa kemia wa kujitolea kutoka Bukoba, wa wiki chache tu kabla ya mtihani wa taifa. Nilifurahi nikasahau hasira zangu zote. Shule yetu siku hizi haitumi barua kwa mzazi, kila kitu ni kwenye kundi, kwa hiyo mkuu akatangaza huko: kidato cha nne wote, pamoja na waliosimamishwa, warudi mara moja kwa masomo ya kemia. Wazazi wakajibu kwa vidole gumba na viganja vya kushukuru. Masomo yakaanza, na dawati la yule binti likabaki tupu. Siku zilivyozidi kwenda nikashindwa kuvumilia, nikaingia ofisini kwa mkuu kumuuliza kama mama wa Kimwani amepata taarifa.

"Niliweka kwenye kundi," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Wazazi wote wamo mle. Asiyesoma, huo ni uzembe wake."

Nikamwonyesha jiwe kupitia dirishani. Vipande vya kioo vilikuwa bado vinametameta kwenye nyasi.

"Simu yake ile pale," nikamwambia, nikatoka kutafuta bodaboda ya kunipeleka Kimwani.