Chai ya Mwanaheri

Barabara ya kupanda Mtae ina kona nyingi mno, lakini tatu kati yake, kuanzia msikitini hadi kwenye daraja dogo, zilikuwa mikononi mwa Mwanaheri. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Kazi yake ilikuwa kufyeka kando ya barabara. Na alifyeka, jamani! Akipita yeye na fyekeo lake, ukingo ulibaki kama kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa. Samsoni, msimamizi wa kazi, kijana wa Tanga mjini, alikuwa akiwaleta wafyekaji wengine waje waone.

Mwaka ule barabara yetu iliwekwa kifusi kilichotoka chini tambarare. Mvua ziliponyesha, penye kifusi pakaota mmea mgeni, majani yake yamechanika-chanika, laini, ya kupendeza.

"Karoti hizo," alisema Zakia, jirani yake, aliyekuwa akirudi shambani. "Mbegu imedondoka kwenye mzigo wa mtu."

Mwanaheri akang'oa mche mmoja. Chini palikuwa na mzizi mwembamba, mgumu. "Karoti gani haina karoti?"

"Haijakomaa. Na wewe huna subira."

Miezi miwili baadaye, Mwanaheri ameshaufyeka mara kadhaa, mtu mmoja aliyetoka mnadani akatuambia kuwa mmea ule unaitwa gugu karoti. Hapo ndipo kosa lilipoingilia. Sisi watu wa huku tunaishi kwa karoti. Tukipunguza miche shambani, majani yote yanakwenda bandani kwa ng'ombe. Kwa hiyo Mwanaheri alisikia "karoti", lile "gugu" likampita. Kila jioni akawa anafunga mzigo wa alichofyeka na kumpelekea Tunu, ng'ombe wake wa pekee. Tunu alinusa, akageuza shingo. Mwanaheri akamchanganyia na majani ya gwatemala, akala.

Siku ya nne Zakia alikuja kunywa chai. Alipiga funda moja, akaliweka shavuni, akatazama mlango.

"Meza," Mwanaheri akamwambia.

"Shoga, hii chai au dawa ya minyoo?"

"Usinitanie."

"Onja mwenyewe."

Alionja. Maziwa yalikuwa machungu hadi kooni. Kesho yake akakamua tena, ni yale yale. Mikono nayo ilimuwasha mpaka viwikoni, na kila akifyeka alipiga chafya mfululizo. Zakia naye, mnamjua, mdomo wake hauna komeo. Ilipofika Ijumaa kijiji kizima kilikuwa na neno jipya. Mtu akipewa kitu kibaya anasema, "Umenipa chai ya Mwanaheri."

Lilimuuma. Akatia mche mmoja wa gugu lile kwenye mfuko wa nailoni, akaenda nao kwa Edward, bwana shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu nitazamie hii."

Edward hakuhitaji kutazama sana. "Umeishika kwa mikono mitupu? Hii na karoti hazina undugu, mama, yanafanana majani tu. Tazama shina, lina michirizi na vinyweleo. Ponda jani, hutasikia harufu ya karoti. Ndiyo inayotia maziwa uchungu, na ndiyo inayokuwasha. Mche mmoja ukizaa, mbegu zake ni maelfu."

"Kwangu hazizai. Ninafyeka."

"Unafyeka wakati gani?"

"Zikitoa maua meupe. Ndipo ninapoziona vizuri."

Edward akaufunga mche mfukoni. "Ukiikata inachipua tena. Na maua yakishakomaa, fyekeo linamwaga mbegu na kuzitembeza."

Mwanaheri alirudi nyumbani. Alikumbuka kwamba gugu lilianzia kona ya kwanza tu. Sasa lilikuwa kwenye kona zote tatu, na chini ya kona ya tatu ndiko kuliko matuta yetu ya karoti, kijiji kizima. Aliyelifikisha huko ni yeye, kwa ufundi ule ule aliosifiwa.

Kesho yake alimpa Tunu gwatemala tupu, na fyekeo akaliacha nyumbani. Akavaa soksi kuukuu mikononi, juu yake mifuko ya nailoni, akaanza kung'oa. Miche michanga aliing'oa na mizizi yake wakati udongo una unyevu. Yenye maua aliitia guniani taratibu, kama mtu anayebeba mayai, akaichomea juu ya mwamba. Kazi ikawa ya kobe. Nyasi nyingine zikarefuka, ukingo ukawa kama mtu aliyeamka bila kuchana nywele.

Samsoni alipofika na pikipiki alisahau hata kuamkia.

"Mama, ndiyo nini hii?"

"Marahaba," alijibu Mwanaheri.

"Shikamoo, mama. Samahani. Lakini wakubwa wakikagua wakakuta hivi, kipande anapewa mwingine. Sitaweza kukutetea."

Mwanaheri alijua. Kipande kile ndicho kilichomlisha tangu mumewe afariki. "Nipe mpaka mvua za vuli ziishe," alisema. "Ukikuta maua meupe kwenye kona zangu, nitakukabidhi fyekeo mwenyewe."

"Na nikiulizwa?"

"Sema mama ananyonyoa, hanyoi."

Samsoni akacheka bila kutaka. Akampa mpaka mwisho wa vuli.

Lakini mtu mmoja na kona tatu! Kila manyunyu yaliibua miche mingine. Asubuhi moja, mgongo umekaza, alisikia wanawake wa kwenda shambani wakiitana: "Angalieni mtaroni, chai ya Mwanaheri hiyo!" Alisimama ili awatukane. Kisha akaona wanaonyesha gugu lenyewe, na hawakukosea. Lile jina la karoti lilikuwa limetudanganya sote. Hili la kwake halikumdanganya mtu.

Hakutukana. Aliita kwa sauti ile ya ng'ambo ya bonde: "Ndiyo, chai yangu! Ukiikuta changa ing'oe, lakini vaa mfuko mkononi! Yenye maua niachieni mwenyewe!"

Kuanzia hapo kila mwenye tuta alichunga ukingo wake. Zakia, kwa haya au kwa urafiki, alileta vikapu vya ukoka, wakaupanda palipobaki wazi.

Vuli ilipokaribia kuisha, Samsoni alipanda na mkaguzi mmoja wa kazi. Ng'ambo ya daraja, kwenye kipande cha mfyekaji mwingine, kando zilikuwa nyeupe kama pamemwagika unga. Huku kwetu ulikuwa ukoka, kijani, wenye mabonde na vilima. Samsoni alikwenda kona zote tatu kwa miguu. Kwenye mtaro wa mwisho akainama.

"Mama, huu hapa mmoja."

"Una maua?"

"Hauna."

"Basi fyekeo linabaki kwangu. Chukua mfuko, uung'oe."

Akaung'oa, na mzizi wake. Mkaguzi alitazama ng'ambo ya daraja, akatazama huku. "Mama, na kile kipande kule utakiweza?"

"Kwa fyekeo, hapana. Kwa mikono, na tukiwa wawili na huyu," alisema, akimwonyesha Zakia aliyekuwa mtaroni na kikapu chake cha ukoka, "nitakiweza. Lakini si kwa vuli moja."

Wakakubaliana. Kisha Mwanaheri akawakaribisha nyumbani. Samsoni alikishika kikombe kwa mikono miwili, akachungulia ndani, hakunywa.

"Kunywa, mwanangu," Zakia akamwambia. "Siku hizi ni chai tu."