Folda Tupu

Mama alifariki bila kuacha picha za kutosha, wala barua. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: kwenye kanda ya video niliyorekodi nyumbani Ilemela, enzi za ruksa, miaka ya tisini mwanzoni, siku walipoleta mahari ya dada. Kamera niliikodi mjini, na siku hiyo nilijiona mtu mkubwa kweli.

Miaka ikapita, kanda ikaota ukungu. Dada, ndugu pekee niliyebaki naye, akaniambia ameanza kuisahau sauti ya mama. Nikaogopa, kwa sababu hata mimi nilikuwa naanza.

Nikabeba kanda na kompyuta yangu hadi kwa fundi wa Mirongo. Akaihamishia kanda kwenye kompyuta, akaniwekea folda mbili, VIDEO_TS na AUDIO_TS, akasema nizichome kwenye DVD kama zilivyo. Mimi ni mbishi wa kuzaliwa. Jioni, peke yangu kama kawaida, nikafungua ile ya kwanza nikakuta VTS_01_1, VTS_01_2, VTS_01_3. Nikaudhika. Mama yangu mzazi aitwe hivyo? Folda nikaiita MAMA, na mafaili nikayapa majina kwa heshima, wazee kwanza, kisha wageni, kisha jikoni. AUDIO_TS haikuwa na kitu ndani, nikaifuta.

Nikachoma diski, nikaenda nayo Igoma kwa dada. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Deki yake ya DVD ikazunguka, ikakwaruza, ikaandika kwamba haioni diski.

“Basi, mdogo wangu,” akasema. “Labda mama mwenyewe hataki.”

Heri angenigombeza.

Nilipomrudia fundi na kumweleza, alicheka mpaka akafuta machozi. “Shikamoo, mzee. Deki haimjui mama yako. Inaijua VIDEO_TS, herufi kubwa, na mafaili kwa majina yake yale yale.”

“Marahaba. Na ile tupu?”

“Kuna deki zinaitafuta. Iache mahali pake, hata kama haina kitu.”

Mama alikuwa hivyo hivyo: asiyekuwepo mezani alifunikiwa sahani yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nikarudi nyumbani nikarudisha majina moja moja, nikatengeneza folda tupu, nikachoma diski nyingine.

Safari hii ikacheza. Dada alicheka na kulia kwa pamoja, akiwataja watu mmoja mmoja. Wote walikuwepo isipokuwa mimi, maana kutwa nzima nilikuwa nyuma ya kamera.

Karibu na mwisho mama akatoka jikoni na sahani iliyofunikwa, akanitazama moja kwa moja.

“Weka hicho kidude chini, mwanangu, uje ule. Chakula chako nimekuwekea.”

“Nakuja, mama,” ikajibu sauti yangu ya ujana.

Akasimama pale na sahani yake, akisubiri. Niliendelea kurekodi mpaka kanda ikaisha.