Kadi Kubwa na Balbu Iliyowaka

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana studio ya video za harusi Rusimbi, hapa Kigoma. Siku aliyoleta kadi ya grafiksi kutoka Dar es Salaam alilisimamisha boksi lake mezani kama kombe la mpira, akatusomea: gigabaiti ishirini na nne za kumbukumbu, feni tatu. Kadi yenyewe ilikuwa pana hata mfuniko wa kompyuta ukakataa kufunga. Mstari wa chini hakuusoma. Niliusoma mimi: pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, iwe ya wati mia nane na hamsini. Yake ilikuwa ya mia tano.

"Shemeji, wewe unasoma vitu ili uviogope," alisema.

Kompyuta sikuzisomea darasani. Nimejifunza kwa kufungua zilizokufa na kusoma maandishi madogo. Lakini mtu anayenunua namba kubwa na kuiruka ile inayomhusu, simwiti fundi.

Asubuhi ile shangazi wa bibi harusi mmoja alikuwa benchini akisubiri video ya harusi. Mama wa binti alikuwa mgonjwa kijijini Kagunga, harusi ya mwanawe hakuiona, na boti ya huko ilikuwa inaondoka mchana. Shemeji akaanza kuitoa video ili iingie kwenye flashi. Feni zikavuma, kompyuta ikazima. Akawasha tena. Ikazima.

"Umeme wa Kigoma huo," alisema, akaenda kuazima stabilaiza ya friza kwa jirani anayeuza migebuka.

Hilo ndilo kosa letu. Umeme umetutesa miaka mingi, na sasa hata chapati ikiungua tunaulaumu. Stabilaiza ilikuja inanuka samaki. Kompyuta ikazima vilevile.

"Umeme tena."

Shangazi akaonyesha juu. "Baba, mbona taa inawaka?"

Balbu haikuwa imepepesa hata mara moja.

Nilichomoa kadi mpya, nikarudisha ile kuukuu na vumbi lake. Ilijikokota, shemeji akiitazama kama mtu aliyetukanwa, lakini haikuzima. Video ikaingia kwenye flashi kabla ya boti kuondoka.

Shangazi aliifunga flashi kwenye leso, bado akiogopa maji ya ziwa. Akatazama mezani.

"Nipe hilo boksi, baba. Ni gumu."

Shemeji akanigeukia. Sikumsaidia. Boksi likashuka Kibirizi kwenye boti kwapani mwa shangazi, flashi ndani, gigabaiti zote zimeandikwa ubavuni. Ni kazi pekee niliyoiona ununuzi ule ukiifanya.