Ubani Kabla ya Upasuaji

Mwanapili wa Mwabungo alikuwa mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani mpaka Galu. Lakini moshi wa kuni wa miaka yote ile haukumwacha salama. Mapafu yalichakaa, kisha moyo nao ukaanza kumbana.

Daktari Harrison hakumficha. Mishipa ya moyo ilikuwa imeziba mahali pengi, na kuizibua kwa waya wa kupitishwa mkononi kusingemfaa. Ilibidi apasuliwe kifua, mshipa utolewe mguuni, ushonwe moyoni ili damu ipate njia mpya. Kwa kawaida moyo husimamishwa, mashine ikashika kazi yake. Kwa mapafu kama yale, daktari aliona afadhali ashone moyo ukiwa unapiga. Hata hivyo, ni lazima kwanza afaulu kipimo cha pumzi. Asipofaulu atabaki na dawa tu, na dawa peke yake kwa hali ile ni kumwachia Mungu.

"Moshi wa aina yoyote usiusogelee," alimwambia.

Akazima jiko, jamani, yeye ambaye hakuwahi kulizima hata siku za uzazi. Akawa anapuliza kifaa cha mazoezi ya pumzi alichopewa hospitalini, asubuhi na jioni, anatembea taratibu, na pumzi zikaanza kurudi.

Siku moja kabla ya kipimo, baada ya swala ya alasiri, shangazi yake Mwanafatuma, aliyemlea tangu mchanga, akaja na wanawake wa dua, na chetezo cha kufukizia ubani mkononi. Mgonjwa hatoki kwenda kupasuliwa bila kufukizwa, hiyo ndiyo ada. Mwanapili alijua fika hatari yake. Lakini aliona haya. Nani amwambie shangazi yake aondoe ubani? Akamwamkia shikamoo, akaketi, akafunikwa kanga gubigubi, chetezo kikaingizwa chini.

Akajaribu kubana pumzi. Wee, pumzi hubanwa mpaka lini? Moshi ukamwingia, kifua kikafunga, akaanza kutapatapa. Na wale wanawake, Mungu awasamehe, wakasema shetani amempanda! Shangazi akaongeza ubani. Mwanapili alitaka kupiga ukelele, sauti haikutoka. Aliona wazi kwamba anakufa, tena kwa adabu. Hapo ndipo binti yake Yusra alipoivuta kanga, akakitoa chetezo nje, akamtia mamake dawa ya kuvuta mdomoni.

Kesho yake akashindwa kipimo. Daktari akaahirisha upasuaji, na hakuahidi kitu.

Nje ya chumba shangazi alikuwa akingoja. Akamuuliza Mwanapili kama ni ule ubani uliomponza. Mwanapili akaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtoka, akasema aliona haya kumkatalia.

Bi Mwanafatuma akakasirika hasa. "Ungenikatalia, ningenuna siku mbili, kisha nikaja mwenyewe kula kwako," alisema. "Ukifa, nimnunie nani?"