Kijibwa cha Mamluki

Jino linaniuma, mtoto analia, na mume anauliza chai iko wapi. Ajichemshie! Nilipofungua chupa ya mafuta ya karafuu, nilimwona akilini bibi yangu, enzi zile kule Mutsamudu, mji wa kisiwani kwetu, na kijibwa kizee alichoachiwa na mamluki aliyekuwa jirani yetu. Magoti yake yalikuwa yamekakamaa, ufizi umevimba, siku tatu hakijala.

Bibi alikichua miguu kwa mafuta ya nazi yenye joto, akakipaka karafuu mdomoni, kisha akanawa mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa aliyeguswa na mate ya mbwa.

“Shetani we, unataka kunifia mikononi?” alikikaripia.

Siku ya nne alikimegea samaki. Kikajiinua, kikamng'ata kidole. Nikapiga yowe. Bibi akacheka mpaka shiromani, shuka yake ya kujitanda, ikamvuka mabegani.

“Kimeweza kuuma, mjukuu wangu! Lete samaki mwingine!”