Kuvu Nyuma ya Kabati

Mtaani walimwita Chapuchapu, maana hakuna fundi rangi aliyemaliza chumba upesi kama yeye. Katika chumba cha mama mkwe wake, kwenye nyumba kuukuu, alikuta kuvu nyeusi ukutani. Alijua fika kwamba lazima aikwangue, aoshe ukuta kwa dawa, kisha auache ukauke. Lakini shemeji zake walikuwa wakimtazama, naye alitaka sifa. Akapaka rangi juu ya kuvu, akaegemeza kabati pale pale.

Mvua zilipoanza, mama mkwe akashikwa na kikohozi. Siku fundi alipokuja kumjulia hali, shemeji mmoja akasogeza kabati; madoa meusi yalikuwa yamejitokeza juu ya rangi.

"Chapuchapu, huu ni ukuta au chui?"

Wote wakaangua kicheko. Fundi akainamisha kichwa.

"Mwacheni mkwe wangu," mama akasema huku akikohoa. "Nyumba imezeeka kama mimi. Yeye kazi yake aliifanya vizuri."

Afadhali mama angemtukana. Fundi akafungua madirisha, akamwomba ahamie sebuleni, akaanza kukwangua polepole.

"Mbona unaharibu rangi yako nzuri, baba?"

"Uzuri wake ulikuwa wa juu tu, mama," akajibu, bila kuthubutu kugeuka.