Usiitikie Usichokielewa

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, mkono wangu wa kulia huwa mzito, ingawa si wangu uliovunjika. Nitakusimulia polepole katika barua hii. Jumapili ulipotoka kanisani ukapanda huku Mbooni na fomu yako ya chuo kikuu, nilikaa kimya ukadhani nimekubali. La, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

"Babu, mimi naenda kusomea misuli na mbio," uliniambia. "Kijerumani cha nini? Tena mwaka mzima huko kwenye baridi! Nafuta lugha, nibaki na sayansi ya michezo. Mshika mbili moja humponyoka."

Methali hiyo naijua. Niliwahi kuitumia mwenyewe, tena vibaya.

Unajua sikusoma sana. Darasa la sita niliaga dawati, si kwa ujinga bali kwa miguu kuwasha. Nilibeba magunia Tawa siku za soko, nikamwagilia mimea kwenye kituo cha utafiti Kiboko, ambako niliwasumbua wataalamu kwa maswali hadi mmoja akaniuliza kama nimetumwa kumpeleleza. Kila mahali nilikaa mpaka nikajua mambo yanavyokwenda, kisha nikaondoka. Kitu kimoja tu hakikunichosha: ngoma yetu ya kuruka. Mzee Nzioka, kiongozi wa kikundi chetu pale Kitui, alipuliza filimbi, nasi tukapinduka hewani na kutua vumbini kwa miguu kama paka. Hakuna aliyesema neno. Filimbi ilitosha.

Miaka ya sabini kikundi kilialikwa Ujerumani. Katika mji mmoja palikuwa na chuo cha walimu wa michezo, na mwalimu mmoja wa pale, mama mrefu mwenye nywele fupi, alistaajabu jinsi magoti yetu yalivyohimili kutua. Kupitia mkalimani akatoa nafasi mbili. Vijana wawili wangebaki wasomee habari za mwili na mazoezi, na alasiri wawafundishe watoto wa mtaa kupinduka. Sharti lilikuwa darasa la lugha kila asubuhi, na mtihani wake baada ya miezi sita ndio ungetufungulia mlango wa chuo. Tukabaki mimi na rafiki yangu Mulwa. Wengine walirudi nyumbani.

Darasa la lugha nilikwenda siku nne. Mji ulikuwa ukiniita nje. Nilitazama mafundi wakinyoosha reli za tramu, nikasimama kwa waoka mikate hadi wakanipa unga nikande. Mulwa alinionya.

"Kyalo, mtihani hautakuuliza mikate inaokwaje."

"Mshika mbili moja humponyoka, Mulwa. Mimi nimeshika mwili. Goti la Mjerumani linakunjika kama la Mkamba."

"Haya. Na likiuma, litakwambia kwa Kikamba?"

Nilicheka. Nilikuwa nimejifunza salamu, na pamoja nazo hila ya wasafiri wavivu: mtu akikusemesha, tabasamu, itikia kwa kichwa, naye ataenda zake ameridhika. Hila hiyo ilinivusha madukani na kwenye treni, hata mbele ya polisi. Mwanangu, jihadhari sana na ujanja unaofanya kazi kila siku. Siku ujanja huo ukikuangusha, huna mwingine wa kukusaidia.

Siku yenyewe watoto walipanga foleni ukumbini. Kulikuwa na msichana wa miaka kumi hivi, mwepesi, nywele zake zimesukwa mkia mmoja. Nilikuwa nimemfundisha wiki tano na jina lake sikulijua. Nilimwita kwa kidole. Zamu yake ilipofika hakukimbia. Alinijia, akagusa kifundo cha mkono wake wa kulia, akasema maneno mengi kwa sauti ndogo, kisha akanitazama akingoja. Nilitambua kwamba ni swali. Nikadhani labda anauliza atangulize mkono upi, nami sikujisumbua kuhakikisha. Mulwa alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, ningeweza kumwita. Lakini watoto wote walikuwa wakinitazama, mimi mwalimu wao kutoka Afrika, nirukaye kama moto. Nikatabasamu. Nikaitikia kwa kichwa. Nikapuliza filimbi.

Mtoto atabisha vipi mwalimu akishakubali? Alikimbia, akaweka mikono chini, na ule wa kulia ukakunjika chini ya uzito wake kama bua la mahindi. Wahenga husema ulimi hauna mfupa. Wangu siku ile ulivunja mfupa wa mtoto wa watu, tena ukiwa umetulia kinywani.

Mulwa alikuja mbio akapiga magoti, akamtuliza kwa lugha ile ile niliyoidharau. Kisha akaniinulia macho.

"Alikuambia mkono unamuuma tangu jana. Alitaka kujua kama aruke hivyo hivyo."

Hospitalini ndipo nilipojua kwamba anaitwa Anke, nikilisikia jina kwa mama yake. Mama huyo alinigeukia akaniuliza jambo, na je, utaamini? Kichwa changu kilianza kuitikia chenyewe. Nilikishika kwa mikono miwili.

Yule mwalimu wa chuo hakunifokea. Aliniondoa kwa watoto tu, na kufikia mwezi wa mtihani nilikuwa nimeshapanda ndege ya kurudi. Mulwa alibaki akafuzu, akafundisha walimu wa michezo hadi alipostaafu. Nami nilirudi nyumbani na hadithi niliyoitengeneza njiani ili isiniume. Nilimkuta Mzee Nzioka uani akipura ndengu kwa fimbo.

"Umerudi mapema," alisema. "Ulaya imekwisha?"

"Lugha yao ngumu, mzee. Ndiyo iliyonishinda."

Nikamsimulia yote. Aliendelea kupura hadi nilipofika kwenye filimbi, hapo akasimama.

"Na Mulwa alikuwa wapi?"

"Hapo karibu."

"Mbona hukumwita?"

"Watoto walikuwa wananitazama, mzee."

"Kwa hiyo uliona heri mtoto wa wenyewe aumie kuliko wewe uonekane hujui. Hiyo si lugha iliyokushinda, Kyalo. Usimsingizie Mjerumani."

Kisha akanielekeza kwenye fimbo ya pili, tukapura pamoja. Miaka miwili baadaye nilimwandikia Anke kuomba radhi, Mulwa akanitafsiria. Jibu halikuja, nami sikuwa na haki ya kulidai.

Sasa nikwambie wazi, mwanangu. Mshika mbili humponyoka moja pale mbili zinapokwenda njia tofauti. Lakini anayeteka maji kisimani hushika kamba na ndoo, na hakuna anayemwonya. Chuo kitakufundisha mifupa na mapafu, na moyo wa mkimbiaji unavyorudi kutulia. Hiyo ni elimu kubwa. Hata hivyo maumivu hayaonekani kwa macho. Mwenyewe ndiye ayajuaye, naye atakueleza kwa lugha ya mama yake.

Usiuogope mwaka wa ugenini. Utakuwa mahali ambapo mtoto wa chekechea anakushinda kusema, utakosea, watakucheka. Kubali. Mimi nilizunguka nchi ile nikiona kila kitu, na hilo moja nikalikwepa: kuonekana sijui. Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini tunaogopa sana wakati wa kuuliza. Useme "sijaelewa, rudia tena" hadi mdomo uzoee. Ukirudi, atakujia bibi wa Kitui na goti lake, nawe utamuuliza mara ya pili na ya tatu kabla hujamgusa.

Fomu inarudishwa Ijumaa. Usifute kitu.

Wazee wetu walibariki kwa kumtemea kijana mate kifuani; wachungaji wako wasinikasirikie, lakini ungekuwa hapa ningefanya hivyo. Mungu aliyekupa miguu myepesi akupe na masikio mapana. Baridi ya kule ikukute umevaa, na wenyeji wakuite kwa jina lako. Mikono yako isimuumize mtu, na yeyote atakayekuletea maumivu yake akukute unamsikiliza. Nenda salama, mwanangu, urudi salama.